Kadi Yasema Petroli, Gari Lanywa Dizeli

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi kadi ya gari huhifadhiwa mahali pamoja na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na stakabadhi za kiwanja, nayo husomwa mara chache kuliko vyote hivyo. Mwenye gari huitambua kwa mikunjo yake tu. Ukimwuliza injini yake imeandikwa namba gani, atakutazama kama uliyemwuliza idadi ya nywele za mkewe. Wala si ajabu, kwa sababu gari lenyewe analijua kwa sikio: anajua linavyokohoa asubuhi, mlima upi linaukataa, na waya upi umefungwa wapi. Sheria hailijui gari kwa namna hiyo. Kwa sheria, gari ni yale yaliyoandikwa katika kadi: namba ya usajili, namba ya chesesi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi, mwaka lilipoundwa, aina ya mafuta, uzito, idadi ya viti, na jina la mwenye mali. Kile kilichosimama uani, kama hakifanani na maandishi hayo, ni chuma kisicho na jina.

Mimi nimeyajua hayo kwa ajili ya Land Rover moja ya Maneromango, wilayani Kisarawe. Ilikuwa mali ya baba yangu mdogo, aliyefariki dunia mwaka 2022. Aliacha mjane, watoto wanne, shamba la mikorosho na mananasi, nyumba ya bati, na gari hilo. Siku za matanga kila aliyesimama kuhesabu mali ya marehemu alianza na gari. Miaka miwili baadaye lilikuwa bado chini ya mwembe, halijauzwa wala halijarithiwa, na mama mdogo akitoka nje kulifunika kila wingu lilipotanda.

Ili kuelewa lilivyofika hapo hatuna budi kuizungumza Kibaha. Wasafiri wengi wa barabara ya Morogoro huiona Kibaha kwa dirisha la basi, wakanunua maji Maili Moja, basi imekwisha. Lakini Kibaha ni mji wa watu wa vyuma. Hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha magari makubwa ya Scania, na jina hilo limebaki kuwa jina la mtaa hata baada ya kiwanda chenyewe kunyamaza. Hapo ndipo lilipo shirika la Nyumbu, la jeshi letu, lililoundwa rasmi mwaka 1985 kwa ajili ya teknolojia ya magari, ambalo lilibuni lori la Kitanzania na kulipa jina la mnyama huyo mwenye subira. Mji wa namna hiyo huzaa mafundi. Wengine walifundishwa kiwandani, wakafundisha wadogo zao uani, na wadogo zao wakafungua gereji chini ya miembe kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi.

Baba mdogo alikuwa mchomeleaji kiwandani, tena mchomeleaji hodari. Alipanga chumba Kibaha, na siku za mapumziko alirudi kwake Maneromango kwa njia ya Mlandizi na Mzenga, njia ambayo wakati wa masika ilikuwa ikiyachagua magari ya kupita. Ndiyo maana alitaka Land Rover na si kitu kingine. Aliipata mwaka 1991 katika mnada wa magari chakavu: Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita mbili na robo, nyuma turubai, rangi ya kijivu. Ilivutwa kwa kamba hadi Kibaha.

Vijana wanaoagiza gari Japani kwa kugusa kioo cha simu watashangaa kwa nini mtu anunue gari lisilowaka. Wanapaswa kukumbushwa jinsi mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba kiasi kwamba gari jipya la mtu binafsi lilikuwa kama ndoto ya mchana. Petroli nayo ilikuwa haba, hata ikapigwa marufuku kuendesha magari ya binafsi Jumapili baada ya saa 8 mchana. Ni katika mwaka 1984 Serikali ilipoanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Kwa hiyo gari halikuwa likitupwa. Lilizikwa na kufufuliwa. Mwaka 1983, watu binafsi waliporuhusiwa kusafirisha abiria Dar es Salaam, ambako mabasi ya UDA yalikuwa yamelemewa, zilitokea pikapu na malori madogo yaliyofungwa mabenchi na kuezekwa, abiria wakikaa wanatazamana goti kwa goti. Watu waliyaita chai maharage. Kizazi cha mafundi wetu kilisomea hapo: gari la mizigo linaweza kuwa basi, na injini ya hili inaweza kuingia katika lile, ilimradi mchomeleaji awe na mkono mzuri.

Hivyo baba mdogo alilibadilisha gari lake kwa dhamiri safi kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari yalipopewa namba mpya zinazoanza na herufi T, alikwenda akasajili upya, akapewa kadi nzuri yenye maelezo yale yale ya mnadani. Baada ya hapo kadi ililala sandukuni na gari likaendelea na maisha yake. Mwaka 2006 injini ya petroli ilimchosha kwa ulaji wake, akanunua injini ya dizeli ya Toyota Hilux kutoka kwa mtu wa Mlandizi ambaye pikapu yake ilipinduka. Mwaka 2009 aliondoa turubai, akajenga bodi ya bati yenye madirisha, akafunga mabenchi mawili ya mbao. Rangi ikawa kijani, kwa sababu rangi ya kijani ndiyo iliyopatikana siku hiyo. Gari hilo limebeba korosho, mihogo, maharusi, maiti, na wagonjwa wengi wa kupelekwa hospitali ya Kisarawe usiku wa manane. Sijawahi kusikia mtu wa Maneromango akiuliza kadi yake inasemaje.

Aliyeuliza alikuja Agosti 2024. Huyo alikuwa bwana mmoja wa Dar es Salaam, mpenzi wa Land Rover za zamani, aliyekuwa akitafuta gari la kwenda nalo Arusha, ambako Oktoba mwaka huo mamia ya wenye Land Rover walikusanyika katika tamasha lao wakitaka kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu. Alilizunguka gari, akaligonga bodi kwa kidole, akasifu chesesi kwamba haina kutu. Akataja shilingi milioni tisa. Mama mdogo aliingia ndani akatoka na kadi imefungwa katika kanga. Yule bwana akaisoma, akafungua boneti, akasoma tena. Petroli, hapa ni dizeli. Namba ya injini siyo. Bodi ya pikapu. Hapa kuna madirisha sita. Rangi kijivu. Jina la marehemu. Akafunga boneti polepole, kwa adabu, akasema kwa hali ile anaweza kulichukua kwa milioni moja na nusu, kama vipuri.

Tulikutana ukoo. Baba mkubwa, ambaye hapendi mambo kuvutana, alishauri waitwe watu wa vyuma chakavu walikate, fedha zigawanywe, yaishe. Mama mdogo, ambaye katika vikao husikiliza zaidi ya kusema, alijibu, "Shemeji, gari hili limenipeleka kujifungua mara mbili. Mimi siliuzi kwa kilo." Kisha akanigeukia. "Wewe mwanangu unaandika magazetini. Waulize hao wa sheria, hili gari lina kosa gani?"

Niliuliza. Naomba niyaeleze hapa niliyojibiwa, kwa sababu najua mama mdogo si peke yake.

Kwanza, sheria haimkatazi mtu kuwa na gari kuukuu. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, wamefunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi. Sisi hatukufunga. Sisi hutoza ushuru mkubwa zaidi kwa gari lililopindukia umri fulani, na mwenye kulipa huliingiza. Na hata vikwazo vya majirani ni vya gari linaloingia, si la mzee aliyekwishaingia tangu 1978. Pili, sheria haimkatazi mtu kubadilisha injini wala rangi. Inachotaka ni kuambiwa. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mwenye gari hupaswa kumpa Msajili wa Magari taarifa ya mabadiliko hayo, na kazi ya usajili sasa iko Mamlaka ya Mapato, TRA, iliyoanza kazi mwaka 1996. Gari hukaguliwa kwanza na mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, mwenye gari akapeleka ripoti ya ukaguzi pamoja na barua ya maombi na kadi halisi, ndipo kadi mpya hutolewa. Ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu aliye hai. Kwa marehemu ni habari nyingine, kwa maana marehemu haandiki barua.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo hili kuwa la nyumbani kuliko la barabarani. Wanaume wa kizazi cha baba mdogo walikuwa wakiwashirikisha wake zao katika bei ya mahindi na ada za shule, lakini gari lilikuwa siri ya baba na fundi. Mama mdogo alijua kwamba injini ilibadilishwa kwa sababu sauti ilibadilika. Hakujua ilinunuliwa kwa nani wala kwa karatasi gani. Lakini mume alipofariki, karatasi zile zote zilimwangukia yeye.

Ilibidi tuanzie Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, hadi mama mdogo akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Bila uteuzi huo hakuna ofisi iliyokuwa na sababu ya kuongea naye juu ya gari lenye jina la mtu mwingine, hata kama mtu huyo alilala naye nyumba moja miaka arobaini. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilimwambia alete kwanza kadi yenye jina lake ndipo mabadiliko ya injini yaandikwe. Nyingine ikamwambia alete kwanza injini iliyoandikwa ndipo jina libadilishwe. Alikwenda na kurudi kati ya hizo mbili mara nne, kila mara nauli ya basi la Kisarawe na ya Gongo la Mboto. Mara ya tano alikwenda na mtoto wake wa kike afanyaye kazi Kibaha, ambaye alikataa kuondoka dirishani mpaka aelezwe kwa maandishi. Maandishi yalipatikana siku ile ile. Wanawake wenzangu na mama mdogo wa ukurasa huu wanaielewa njia hiyo vizuri kuliko mimi.

Mkaguzi wa magari, kwa upande wake, alikuwa mtu wa haki. Alituuliza swali moja tu lililotutoa jasho: injini hii imetoka wapi? Nilitaka kuona ugumu wa swali hilo kuwa ni urasimu. Si urasimu. Magari huibwa, hukatwa usiku, na kufikia asubuhi injini iko mkoa mwingine ikitafuta kifua cha kukaa. Namba ya injini ndiyo inayomtofautisha fundi na mwizi, na mnunuzi asiye na stakabadhi hana cha kumwonyesha polisi ila uso wake. Mama mdogo alipekua sanduku la bati la marehemu akapata kipande cha daftari chenye maneno "Nimepokea, injini moja Hilux", sahihi, na tarehe ya mwaka 2006. Hapakuwa na namba. Tulimtafuta mwuzaji Mlandizi wiki tatu. Tulimkuta mzee anayeuza mkaa, na kwa bahati ambayo sitegemei impate kila mtu, alikuwa bado na kadi ya pikapu iliyopinduka. Namba zilifanana.

Mabenchi hayakupita. Gari limesajiliwa la mizigo, na mwenye kutaka kubeba abiria kwa malipo hana budi kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka iliyoichukua kazi ya SUMATRA mwaka 2019, na gari liwe la kufaa kubeba watu. Mabenchi ya mbao yaliyofungwa kwa boliti juu ya sakafu ya bati hayafai, hata kama yalitufikisha sote shuleni. Nilipofika siku moja katika hospitali ya Tumbi, pale Kibaha, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwapokea majeruhi wa barabara ya Morogoro, sikuona tena sababu ya kuyatetea. Chai maharage zilitusaidia wakati wa dhiki, na tuziheshimu kwa hilo. Kuzirudisha barabarani ni jambo jingine.

Jambo moja liliniliwaza, nalo latoka kule kule Land Rover ilikozaliwa. Waingereza, ambao magari ya namna hii kwao ni kama vitu vya ukumbusho, walitumia kwa miaka mingi hesabu ya pointi ili kuamua kama gari lililobadilishwa bado ni lile lile. Ilitakiwa lipate pointi 8 na zaidi. Chesesi ya asili ilipewa pointi 5. Springi 2, ekseli 2, gia boksi 2, usukani 2. Injini ilipewa 1 tu. Kwa hesabu hiyo, gari la baba mdogo, pamoja na moyo wake wa Kijapani, lingebaki Land Rover ya mwaka 1978. Si sheria yetu, wala sisemi tuichukue jinsi ilivyo, lakini yapendeza kuona kwamba mahali fulani watu waliketi mezani wakapima uti wa mgongo wa gari uzito wake na injini uzito wake. Kwetu gari la kale halina daraja lake peke yake. Hupimwa kwa kadi kama lilivyopimwa la juzi.

Kuna ahueni moja waliyoipata warithi wa magari yaliyolala. Zamani ada ya leseni ya barabara ilikuwa ikihesabiwa kila mwaka, gari litembee lisitembee, na familia nyingi zilikuta deni lililozidi bei ya gari lenyewe. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliifuta ada hiyo ya kila mwaka, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Lakini usajili haukufutwa pamoja nayo. Ndugu waliotaka kulikata gari la marehemu kwa nyundo wajue kwamba chuma kingekwenda na jina lingebaki katika daftari la Msajili; na namba za gari mfu, zikiangukia mikono mibaya, huweza kufungwa katika gari la wizi. Gari lisilotakiwa tena huombewa kufutwa, na vibao vyake hurudishwa.

Siku hizi mafundi wa Kibaha na Dar es Salaam wanafunga mitungi ya gesi asilia katika magari ya petroli, na kwa bei ya mafuta ilivyo siwalaumu wenye magari. Nimesimama katika gereji mbili nikitazama. Kazi ilikuwa safi, mtungi umefungwa kwa mikanda ya chuma, mabomba yamenyooka. Katika gereji zote mbili sikumsikia fundi akiomba kuiona kadi, wala mwenye gari hakuwa nayo. Kama fundi aandikaye stakabadhi ya bati na rangi angeandika pia namba ya chesesi na ya injini, na kama mwenye gari angemsomea mkewe karatasi hiyo jioni ile kabla haijaingia sandukuni, mama zetu wangepunguziwa safari nyingi.

Kadi mpya ilitoka Aprili 2025. Ina jina la mama mdogo, rangi ya kijani, dizeli, viti vitatu, namba ya injini ya Hilux na chesesi ile ile ya Solihull. Mabenchi yako uani, kuku wanalala chini yake. Yule bwana wa Dar es Salaam alipata habari akapiga simu, akasema sasa yuko tayari kwa zile milioni tisa. Mama mdogo alimjibu kwamba bei imepanda, na kwamba hata hivyo asije kabla ya Januari, kwa sababu mananasi ya Desemba yanakwenda sokoni kwa gari hilo.